Pazia la Chumba Namba Tisa

Pazia la chumba namba tisa nililishona mimi,
mwaka ule wa mvua ya mawe, kwa cherehani ya mguu,
barazani pale mkabala na Soko la Kati, Moshi.
Kitambaa cha kijani. Mzabuni alibana mita,
akasema, "Fundi, kata tu, nani atapima?"
Nikakata. Likapungua shubiri moja na nusu.
Nikalipwa. Nikasahau.

Leo nimekaa nyuma yake
na miguu yangu inaonekana toka kwenye benchi.

Dirishani waliniuliza, "Bima?"
Nikasema sina, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.
Niliwahi kuwa nayo, ya kikundi, ikakatika
mweka hazina alipohamia Babati na daftari.
Yule kijana hakuinua hata nyusi:
"Namba tisa hawaulizi bima, mama. Fuata ukuta wa bluu."
Hakunong'ona, hakupaza.
Sikujua kwamba sauti ya katikati nayo ni dawa.

Ndani, Nesi Ndealilia, gauni limefumuka kwapani
(macho ya fundi hayana likizo),
ananiuliza maswali ambayo mama yangu, kule Machame,
angezunguka Kibo nzima asiyafikie:
Tangu lini? Ukikojoa, inachoma?
Uchafu una rangi gani?
Najibu nikitazama sakafu.
La nne nalijibu nikimtazama yeye.
"Ni kisonono," anasema,
kama mtu anayesema leo kuna ukungu.

Kisonono.
Miaka yote nimelijua neno hilo
kama tusi la wapiga debe wa stendi.
Kumbe lina sindano, lina vidonge,
lina tarehe ya kurudi, lina mwisho.

Nafungua fundo la khanga, elfu kumi ya kukopa.
"Rudisha. Sokoni unalipa ushuru?"
Kila siku, jua na mvua!
Hata asubuhi ya msiba wa shangazi
mtoza ushuru alisimama akanisubiri nimalize kulia.
"Basi hizi ulishazilipa."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili.
Vile virisiti vyote ninavyofungia vifungo na pini,
sikuwahi kufikiri vinaenda mahali.

Nikiwa nimelala pale, chini ya pindo langu fupi
nikaliona benchi la nje:
raba za mwanachuo, zimesuguliwa chaki;
makubazi ya tairi yasiyotulia;
na viatu vyeusi, kisigino kifupi, kibanio cha shaba.
Hivyo navijua. Kila Jumapili husimama mbele yangu,
kwaya, safu ya sauti ya kwanza.
Naye, bila shaka, vyangu anavijua.

Tulipishana mlangoni. Alikohoa.
"Kuna ukungu leo," nikasema.
Jua lilikuwa linapasua mabati.
"Ukungu mwingi," akajibu, akaingia.

Nilipewa na karatasi ya pili, ya mwenzangu.
Haina jina la ugonjwa. Ina namba ya chumba.
Siku mbili imelala chini ya sahani ya Kundaeli
naye anakula juu yake kama haioni.
Siku ya tatu, alfajiri, nikamsikia akipiga buti kiwi,
mtu ambaye buti zake
hazijaona kiwi tangu kipaimara cha binti yetu.
Hakuaga. Sikumwuliza.
Yapo ya kusemeana, tena mazito,
na nani aliyemletea mwenzake, hilo bado liko mezani.
Lakini karatasi haipo.

Nimetafuta kijani kilekile, sikukipata.
Nimepata kinachokaribia, kimekoza kidogo;
kiungo kitaonekana, na kionekane.
Alhamisi ni siku yangu ya kurudi.
Nitaomba kiti nipande, niteremshe pindo
shubiri moja na nusu, hadi liguse sakafu.
Nesi ana sindano yake.
Nakwenda na yangu.